Nyoka ghorofani: sheria, joto na unyevu kwanza

NYOKA hana tanuri ndani ya mwili wake. Binadamu, paka na kuku huchoma chakula na kujipatia joto. Nyoka huazima joto kutoka kwa jiwe, udongo, jua au hewa iliyomzunguka. Akikosa pa kuliazima, mwili wake husimama: hali chakula, na alichokwisha kumeza huozea tumboni badala ya kusagwa. Ndiyo maana kumfuga katika chumba cha kupanga mtaani Pipeline, eneobunge la Embakasi Kusini jijini Nairobi, ni kazi ya kutengeneza hali ya hewa kabla ya kuwa kazi ya kulisha mnyama.

Wengi hawatarajii hilo. Husikia kwamba nyoka ni mnyama wa Afrika na Nairobi imo Afrika, basi wakadhani sanduku la kioo na bakuli la maji vinatosha. Wanasahau kwamba jiji hili limejengwa mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na kwamba kati ya Juni na Agosti kipimajoto hushuka usiku hadi nyuzi 12 au chini ya hapo. Pipeline kwenyewe majumba ya ghorofa saba, nane na zaidi yamesongamana hivi kwamba vyumba vingi vya ndani havipati jua hata saa sita mchana. Chumba kama hicho hubaki na ubaridi wa kisima mchana kutwa.

Kibali kabla ya sanduku

Suala la kwanza, hata hivyo, si joto. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, mtu binafsi hana ruhusa ya kumshika mnyamapori na kumweka nyumbani bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Nyoka aliyeokotwa kichakani Kitengela au kununuliwa kwa siri stendi ya matatu si mali ya aliyemwokota wala ya aliyemnunua. Kumweka ni kosa la jinai.

Anayetaka kuagiza nyoka kutoka nje naye hajakwepa lolote. Chatu wote duniani, pamoja na nyoka wa jamii ya boa, wamo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973. Hawavuki mpaka bila hati za nchi wanakotoka.

Wapo wanaofikiri kwamba serikali inajali ndovu na vifaru peke yao, na kwamba kiumbe kinachoenea mfukoni hakimhusu askari. Kesi ya mwaka 2025 iliwazindua. Mnamo Mei mwaka huo, mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, ambao hauko mbali na Pipeline, iliwatoza washtakiwa wanne faini ya Sh1 milioni kila mmoja au kifungo cha miezi 12 kwa kosa la kupatikana na chungu hai waliokusudiwa kuuzwa ng'ambo kwa wafugaji wa wadudu. Ikiwa chungu ana wakili, chatu hatamkosa.

Basi yanayofuata hapa yanamhusu mwenye kibali, mwanafunzi wa elimu ya wanyama, mfanyakazi wa bustani ya nyoka, Mkenya aliye ughaibuni katika nchi inayoruhusu ufugaji huo, au msomaji anayetaka tu kufahamu kwa nini kazi hii haiwezi kufanywa ovyo. Kwa wasio na kibali, Nairobi ina Bustani ya Nyoka iliyo kando ya Makavazi ya Kitaifa, iliyofunguliwa mwaka 1961. Aliyewahi kuwa msimamizi wake, James Ashe, ndiye aliyeanzisha mwaka 1980 kituo cha Bio-Ken kule Watamu, Kaunti ya Kilifi. Katika sehemu hizo mbili mtu anaweza kumtazama nyoka saa nzima bila kuvunja sheria.

Si kila nyoka hupenda unyevu

Kosa la pili baada ya lile la kibali ni kudhani nyoka wote ni wamoja. Mfano ulio bora zaidi ni wa nyumbani. Yupo boa mdogo wa mchangani, mnene na mwenye mabaka ya rangi ya chungwa na kahawia, anayeishi katika maeneo makavu ya kaskazini na mashariki mwa Kenya, akaenea hadi Somalia, Ethiopia na Misri. Wafugaji wa Marekani na Ulaya wanamwita kwa jina la Kenya na wamemzalisha katika nyumba zao kwa miaka mingi. Mtoto wa Chicago anaweza kumnunua dukani. Mkazi wa Pipeline, ambaye nchi yake ndiyo iliyompa nyoka huyo jina, hawezi. Kinaya hicho kando, boa huyu hutaka mchanga mkavu na joto chini ya tumbo. Ukimtia katika sanduku lenye mvuke, ngozi yake huanza kuoza.

Kinyume chake ni chatu mdogo wa kifalme, yule ajikunjaye kama mpira anapoogopa. Kwao ni kuanzia Senegal hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kenya hayupo porini. Huyu mchana hujificha ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, ambako hewa ni ya joto na ina majimaji hata wakati nyasi za juu zimekauka. Ndiye anayefugwa zaidi duniani miongoni mwa chatu, na hesabu nyingi za joto na unyevu zinazotajwa na wafugaji ni zake.

Chatu mkubwa wa Kenya, anayepatikana kando ya mito, Ziwa Victoria na Pwani, aondolewe kabisa katika mazungumzo ya chumba cha futi kumi kwa kumi. Akikua huweza kufikia mita nne au tano. Hakuna fundi wa kumtengenezea sanduku ghorofani, na hakuna mwenye nyumba mwenye akili timamu atakayekubali. Nyoka wenye sumu nao, kama bafe, swila na koboko, mahali pao ni katika taasisi zenye wataalamu wawili au zaidi zamu moja na dawa ya sumu karibu. Shirika la Afya Duniani liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na Kenya imekuwa ikiagiza dawa yake kutoka nje kwa miaka mingi. Dawa hiyo haipatikani kwenye duka la dawa la pembeni.

Sanduku lenyewe

Chatu wa kifalme aliyekomaa hutosheka na sanduku la urefu wa sentimita 120, upana wa 60 na kimo cha 60 hivi. Vioo vyenye kifuniko cha wavu huonekana vizuri lakini havifai Nairobi: joto hupandia juu na kutoroka, na unyevu huondoka pamoja nalo. Aliye na sanduku la aina hiyo afunike theluthi mbili ya wavu kwa kipande cha akriliki au hata karatasi ngumu ya alumini. Lililo bora ni la plaiwudi yenye milango ya kioo ya kuteleza mbele, ambalo fundi yeyote wa makabati wa Outering anaweza kulipiga kwa siku mbili. Muhimu ni ndani: mbao zipakwe vanishi isiyopenya maji tabaka tatu, pembe zote zizibwe kwa silikoni, kisha sanduku liachwe wazi wiki mbili au zaidi hadi harufu iishe. Nyoka hupumua hewa hiyo hiyo usiku na mchana, naye hana dirisha la kutolea kichwa.

Matundu ya hewa yawe mawili, moja chini upande wa baridi na jingine juu upande wa joto. Hewa baridi huingia chini, hupanda ikipata joto, hutokea juu. Tundu moja pekee halifanyi kazi hiyo.

Sakafuni huwekwa kitu kinachoshika maji bila kuoza haraka. Nyuzi za makumbi ya nazi ndizo zisifiwazo na wafugaji, na kwa Wakenya si kitu cha kuagiza ng'ambo. Wauzaji wa miche na maua wanazo. Unga wa mbao za msonobari na mwerezi uepukwe kwa sababu mafuta yake huwasha mapafu ya nyoka. Kwa nyoka mgeni aliye katika karantini, gazeti la jana linatosha kabisa: ni rahisi kubadilisha, na utitiri au damu huonekana upesi juu ya karatasi. Ni matumizi ambayo mhariri hawezi kuyaonea wivu.

Joto la namna mbili

Shabaha si kulipasha sanduku zima joto moja. Shabaha ni kumpa nyoka mahali pa kuchagua. Upande mmoja uwe na nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, wa pili 25 hadi 27, na kila upande uwe na maficho yake. Nyoka akishiba huenda kwenye joto asage chakula; akitosheka hurudi kwenye ubaridi. Mwenye maficho upande mmoja tu hulazimika kuchagua kati ya usalama na joto, na mara nyingi huchagua usalama, akakaa baridini hadi akaugua.

Chanzo cha joto huwa mkeka mwembamba wa umeme unaowekwa chini au ubavuni mwa sanduku, ukifunika theluthi moja tu ya eneo, au kikombe cha kauri kinachofungwa juu kama balbu lakini kisichotoa mwanga. Kikombe cha kauri kizungushiwe kizimba cha waya. Nyoka hupanda kufuata joto na hujikunja juu ya kitu kinachomchoma bila kuondoka upesi. Mawe ya umeme yanayouzwa kwa ajili ya mijusi hayafai, kwa sababu hiyo hiyo.

Katikati ya umeme na mkeka lazima pawe na themostati. Ni kifaa kidogo chenye waya unaopima joto na kukata umeme likizidi. Asiye na fedha za themostati hana fedha za kufuga nyoka, na hapo hapana mjadala. Mkeka usiodhibitiwa unaweza kupita nyuzi 45, na nyoka hufa kwa joto haraka kuliko anavyokufa kwa baridi. Pawe pia na vipimajoto viwili vya dijitali, kimoja kila upande. Vile vya kubandika ukutani mwa sanduku hupima joto la kioo wala si la mahali nyoka alipolala.

Bili inahesabika kwa urahisi. Kikombe cha kauri cha wati 100 kikiwaka saa 24 hula uniti 2.4 kwa siku, yaani 72 kwa mwezi. Tangu Aprili 2023, bei nafuu ya umeme nyumbani huishia uniti 30, kwa hivyo kikombe hicho peke yake humtoa mpangaji katika kundi hilo. Mkeka wa wati 20 hula uniti 14 na ushei. Themostati hupunguza hesabu zote mbili kwa kuwa umeme hauwaki muda wote, na ubao mnene huzipunguza zaidi. Mahali ambapo mita moja inagawanywa na wapangaji wa sakafu nzima, mwenye nyoka awaambie wenzake mapema.

Unyevu unavyotoweka

Hapa ndipo wengi hushindwa. Wanapasha sanduku vizuri kisha wanashangaa ngozi ya nyoka imekauka kama ganda la kitunguu. Hewa ikipata joto, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka, na unyevu unaosomwa kwenye kipimo hushuka hata kama hakuna tone lililotoka. Asubuhi ya Julai yenye nyuzi 18 na unyevu wa asilimia 80 mtu huona hewa imelowa. Ichukue hewa hiyo hiyo, uipashe hadi nyuzi 30 bila kuiongezea maji, na kipimo kitasoma takriban asilimia 39. Chatu wa kifalme huhitaji 55 hadi 70, na zaidi kidogo anapokaribia kujivua gamba.

Kujivua gamba, msemo ambao wanasiasa wa Tanzania waliuazima mwaka 2011, kwa nyoka si mzaha. Siku kadhaa kabla yake macho hugeuka rangi ya maziwa na ngozi hufifia. Hewa ikiwa na unyevu wa kutosha, ngozi kuukuu huvuka nzima kuanzia mdomoni hadi mkiani, kama soksi iliyogeuzwa ndani nje. Hewa ikiwa kavu, hutoka vipande vipande. Vinavyobaki kwenye ncha ya mkia hukaza na kuzuia damu hadi ncha ikafa. Vinavyobaki juu ya macho huweza kumpofusha. Visibanduliwe kwa kucha wala koleo. Nyoka alazwe katika chombo chenye taulo lililolowa maji ya vuguvugu kwa nusu saa hivi, na kama gamba la jicho halijatoka baada ya kujivua kwa mara ya pili, apelekwe kwa daktari wa mifugo anayewajua reptilia.

Namna ya kuongeza unyevu si kunyunyizia maji kila saa. Kunyunyizia hupandisha kipimo kwa dakika chache kisha kikaanguka, na huacha uso wa sakafu umelowa mahali tumbo la nyoka linapogusa. Njia iliyo bora ni kumwaga maji katika pembe za sanduku ili yashuke chini ya makumbi, tabaka la juu likibaki kavu, huku joto likiyavukiza polepole. Bakuli pana la maji lisogezwe karibu na upande wa joto. Juu ya hayo pawekwe maficho ya unyevu: kopo la plastiki lenye kifuniko, tundu ubavuni, na kuvumwani iliyolowa na kukamuliwa ndani yake. Nyoka huingia mwenyewe akihitaji.

Pipeline maji mengi hununuliwa kwa mtungi, na yale ya visima huwa na chumvi. Kwa bakuli hayana neno, lakini huziba chupa za kunyunyizia na kuacha madoa meupe kwenye vioo. Maji yaliyochemshwa na kuachwa yatulie hupunguza adha hiyo.

Unyevu bila hewa ni ugonjwa. Magamba ya tumboni hubadilika rangi kuwa kahawia, hufura malengelenge, kisha huoza. Unyevu pamoja na baridi ni mbaya zaidi: nyoka hupata nimonia, akaonekana amenyanyua kichwa na kupumua kwa mdomo, mapovu yakimtoka puani. Kwa hivyo umeme unapokatika, jambo la kwanza ni kuacha kuongeza maji.

Nyoka mwenyewe analijua somo hili kuliko mfugaji. Wakazi wa Nyakach, Kaunti ya Kisumu, wanamkumbuka Omieri, chatu aliyeheshimiwa na Waluo kama kiumbe wa baraka na mvua, ambaye aliungua katika moto wa kichakani mwaka 1987 na kufa licha ya kutibiwa. Chatu mwingine alipotokea huko huko mwaka 2003, alikuwa na mayai, na umati ulifurika kumtazama. Chatu jike hujizungusha juu ya mayai yake kwa miezi, akiyakinga na baridi na ukavu bila kula. Watafiti wa Afrika Kusini walitangaza mwaka 2018 kwamba chatu wa huko hutoka shimoni kuota jua hadi mwili wake ukikaribia nyuzi 40, kisha hurudi kuyapasha mayai kwa joto alilolibeba.

Usiku wa giza

Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulikatika karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege ukawa gizani, na sehemu nyingi hazikuupata hadi siku iliyofuata. Desemba mwaka huo ukakatika tena. Mwenye nyoka ghorofani apange kwa kuzingatia siku kama hizo.

Nyoka mzima wa afya huvumilia saa kadhaa za nyuzi 20 iwapo tumbo ni tupu. Aliyemeza panya jana yake ndiye aliye hatarini. Sanduku lifunikwe blanketi, tundu moja likiachwa wazi. Chupa za plastiki zijazwe maji ya moto yasiyochemka, zifungwe kitambaa, zilazwe upande mmoja na kubadilishwa kila baada ya saa mbili. Anayeweza amhamishie nyoka ndani ya mfuko wa kitambaa uliotiwa katika kijisanduku cha povu kama kile cha wauza samaki, kwa kuwa nafasi ndogo hushika joto.

Jiko la makaa lisiingizwe chumbani. Kila msimu wa baridi Nairobi huzika watu waliolala na jiko linalowaka, milango imefungwa. Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina rangi wala harufu, na katika vyumba vya Pipeline ambavyo dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, haina pa kutokea. Itamuua mwenye nyumba, watoto wake na nyoka, na kupitia mlangoni inaweza kumfikia jirani.

Majirani

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na katika jumba la vyumba mia si vigumu kumpata aliyewahi kuumwa kijijini. Sanduku liwe na kufuli. Nyoka hujaribu kila ufa usiku kucha, na panapopita kichwa hupita mwili. Akipotea ghorofa ya tano anaweza kutokea ya tatu kupitia mfereji wa mabomba, ambako atakayemwona hataulizia kama ana sumu, atachukua jembe.

Reptilia wengi hubeba bakteria wa salmonela bila kuugua. Bakuli la nyoka lisioshwe kwenye beseni la vyombo, mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa, na watoto walio chini ya miaka mitano wasimshike kabisa. Penye chumba kimoja ambamo familia hupika, hula na kulala, sharti hilo peke yake latosha kumfanya mtu aahirishe mpango.

Na aliyechoka kumfuga asimwachilie kando ya mto Ngong wala katika msitu wa Karura. Chatu wa kifalme si wa Kenya, na hata nyoka wa hapa akishafugwa anaweza kupeleka utitiri na maradhi kwa wenzake wa porini. Apelekwe kwa KWS, makao makuu barabara ya Lang'ata, ndani ya mfuko wa kitambaa uliofungwa fundo na kutiwa kwenye kreti yenye matundu.